Picha na Daftari: Habari za Upigaji Picha wa Ridhaa Katika Pwani Yetu



Katika kitabu cha taarifa ya mwaka ni desturi kuhesabu fedha zilizoingia na zilizotoka, wagonjwa waliosaidiwa, watoto waliolipiwa karo, na wafu waliozikwa kwa heshima. Hesabu hizo ni za lazima, wala hatukusudii kuzipunguza. Lakini iko mali nyingine ya jamii ambayo aghalabu haiingii katika hesabu, nayo ni sura za watu wetu, kazi za mikono yao, na alama walizowasimamishia wafu wao. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Makala haya yataka kueleza jinsi picha ilivyofika pwani yetu, na jinsi watu wasio mafundi wa kulipwa walivyoungana katika vilabu na kushindana ili waijue kazi hiyo vema. Yataka pia kueleza kwa nini jambo hilo, ambalo wengi hulidhania kuwa mchezo wa vijana, lawahusu wazee wa Kakuyuni na wa nchi yote iliyo kati ya Malindi na Kilifi.

Picha Ilivyofika Pwani

Ufundi wa kupiga picha ulitangazwa huko Ufaransa na Uingereza katika mwaka wa 1839. Haukuchukua muda mrefu kuvuka bahari. Daktari John Kirk, aliyefuatana na Livingstone katika safari ya mto Zambezi iliyoanza mwaka wa 1858, alikuwa mganga na mtaalamu wa mimea, lakini alipiga picha kwa kupenda kwake. Aliendelea na mazoea hayo alipokuja kukaa Unguja katika utumishi wa serikali ya Kiingereza. Mwaka wa 1860 James Augustus Grant, mwenziwe Speke katika safari ya kutafuta chanzo cha mto Nile, naye alipiga picha mjini Unguja. Hawa wawili hawakuwa mafundi wa kuuza picha. Kwa maana halisi ya neno, walikuwa wapiga picha wa ridhaa, yaani watu waliofanya kazi hiyo kwa hiari na kwa mapenzi, huku riziki yao ikitoka kwingine.

Baada yao walikuja mafundi wenye maduka. Katika Unguja ya miaka ya 1800, A. C. Gomes, mtu wa asili ya Goa, alifungua studio ambayo sifa yake ilienea pwani nzima. Reli ya Uganda ilipokuwa ikijengwa kutoka Mombasa kati ya mwaka wa 1896 na 1901, William D. Young aliipiga picha kazi hiyo na watu wake. Mwaka wa 1930 Ranchhod Oza alianzisha Capital Art Studio huko Unguja, na mwanawe Rohit akairithi kazi hiyo. Watu waliokwenda katika studio hizo kwa hiari yao, wakavaa nguo zao za sikukuu na kulipa fedha zao, walirudi nyumbani na picha zao. Majina yao yalijulikana na jamaa zao, na picha ikatundikwa ukutani.

Lakini picha nyingine nyingi za siku zile zilikwenda ng'ambo. Ziliuzwa kwa wageni kama kadi za posta, au zilitiwa katika vitabu vya wasafiri. Katika picha hizo mtu wa pwani yumo, lakini aghalabu jina lake halimo. Iliandikwa kabila lake tu, au kazi yake: mchukuzi, muuza maji, mwanamke wa Kiswahili. Mtazamaji wa London aliweza kuhesabu shanga za shingoni mwa yule mama, asijue aliitwa nani wala alikuwa mama wa nani. Kosa hilo halikuwa la kamera. Lilikuwa kosa la daftari, kwa kuwa aliyepiga picha hakuona haja ya kuuliza jina.

Nasi pia tumepata hasara kwa kukosa daftari. Mwaka wa 1914 serikali ya Kiingereza iliilipua Kaya Fungo kwa baruti, katika mapambano na Wagiriama ambayo jina la Mekatilili wa Menza halitengani nayo. Maofisa walikuwa na taarifa zao, nazo zimewekwa katika majalada. Wazee wetu walikuwa na maneno yao, nayo yalipokewa mdomo kwa mdomo. Ni nani miongoni mwetu aliye na picha ya siku hizo iliyopigwa na mtu wa kwetu, kwa shauri la watu wa kwetu? Kila mzee anapozikwa, sehemu ya habari hizo huzikwa pamoja naye.

Kamera Mikononi mwa Wengi

Kwa muda wa miaka hamsini ya kwanza, kamera ilikuwa chombo cha mtu mwenye mali au mwenye elimu ya dawa. Picha ilipigwa juu ya kioo, na kioo kilitaka kupakwa dawa na kusafishwa katika chumba cha giza. Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka wa 1888, wakati George Eastman wa Marekani alipoanza kuuza kamera yake aliyoiita Kodak, iliyotumia filamu ya kukunjwa yenye nafasi ya picha mia moja. Mwenyewe alibonyeza tu. Picha zikisha alipeleka kamera kiwandani, na huko ikafanywa kazi iliyobaki. Mwaka wa 1900 kampuni hiyo ilitoa kamera ya sanduku iliyoitwa Brownie, kwa bei ya dola moja ya Kimarekani, na ikasemwa wazi kwamba hata mtoto aweza kuitumia.

Kamera za namna hiyo zilifika Afrika Mashariki, na katika mikono ya vijana zilizaa matunda yasiyotarajiwa. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka wa 1943 na kukulia Dar es Salaam, alianza na kamera ya Brownie alipokuwa angali mvulana wa shule. Mwaka wa 1963 alianzisha kampuni yake ya Camerapix huko Dar es Salaam. Mwaka wa 1984 ni yeye aliyepiga filamu ya njaa ya Ethiopia ambayo, ilipoonyeshwa Uingereza na kwingineko, iliwafanya watu wa mataifa mengi kutoa msaada. Alifariki tarehe 23 Novemba, 1996, katika ndege iliyotekwa nyara na kuanguka baharini karibu na Visiwa vya Komoro. Mtu aliyewasha huruma ya ulimwengu alianza na sanduku la mtoto.

Huko Lamu alikuwako Omar Said Bakor, aliyeishi kutoka mwaka wa 1932 hadi 1993. Hakusomea ufundi wake katika chuo chochote. Alijifunza mwenyewe, akafungua studio, na akajulikana kwa ustadi wa kukata na kuunganisha picha, hata sura ya mtu ikatokea ndani ya ua au mahali pengine pa ajabu. Kazi yake imeandikwa katika vitabu vya wataalamu, nayo ni ushahidi kwamba mtu wa pwani hakuipokea kamera kama alivyopewa, bali aliitia katika mapenzi na mapambo ya kwao.

Vilabu na Mashindano Yao

Kupiga picha peke yako ni jambo moja, na kujifunza pamoja na wenzako ni jambo jingine. Watu wa Uingereza waliliona hilo mapema. Mwaka wa 1853 ilianzishwa London jamii ya wapiga picha, na mwaka uliofuata ikafanya maonyesho yake ya kwanza. Baadaye vilabu vya ridhaa vilienea katika miji mingi ya dunia, na mwaka wa 1950 vyama vya nchi mbalimbali viliungana katika shirikisho la kimataifa linalojulikana kwa herufi FIAP.

Yafaa tueleze jinsi kilabu cha namna hiyo kifanyavyo kazi, maana ndani ya taratibu zake mna busara. Wanachama hukutana mara moja kwa mwezi. Kila mkutano huwa na jambo lililotajwa mapema, mathalani kazi za mikono, au maji, au uso wa mzee, na kila mmoja huleta picha chache juu ya jambo hilo hilo. Picha hupewa nambari, na jina la mwenyewe hufichwa, ili mwamuzi asipendelee rafiki wala asimwogope mkubwa. Mwamuzi huwa ni mtu wa nje ya kilabu. Hatoi alama kimya kimya, bali huichukua kila picha, akaeleza mbele ya watu wote uzuri wake na upungufu wake, kisha ndipo akatoa alama. Wanaoanza hushindana na wanaoanza, na wenye ujuzi hushindana na wenye ujuzi. Picha iliyokwisha kushinda hairudishwi kushindana tena. Mwisho wa mwaka alama hujumlishwa, kikombe hutolewa, na picha bora hutundikwa ukumbini watu wazitazame.

Mtu aweza kudhani kwamba desturi hii ni ya kigeni. La. Watu wa pwani hawakungoja kufundishwa kushindana kwa adabu. Huko Lamu, mitaa ya Mkomani na Langoni ilishindana kwa ngoma ya beni. Washairi wetu hujibizana kwa mizani na vina, na hadhira huwa ndiyo mwamuzi. Katika nchi ya Mijikenda ngoma hushindana na ngoma, na kijiji kizima hukaa kitako kupima nani aliyecheza vizuri zaidi. Sharti la mashindano hayo yote ni moja, nalo ni kwamba mshindani akubali kupimwa mbele ya watu, na akishindwa arudi nyumbani kujifunza, asiweke kinyongo. Kilabu cha picha hakina jipya katika hilo ila chombo chake.

Katika siku zetu mashindano yamefunguliwa hata kwa mtu asiye na kilabu. Tangu mwaka wa 2014 yamekuwako mashindano ya picha yaitwayo Wiki Loves Africa, ambayo mwaka wa kwanza yalihusu vyakula vya Afrika. Mtu yeyote, awe fundi au wa ridhaa, aweza kuingia. Jambo la kuzingatia ni kwamba picha haipelekwi bubu. Huandikiwa maelezo, ili anayeitazama ajue anaona nini na imetoka wapi.

Picha Iliyotoa Ushahidi

Sasa twafika mahali ambapo shauri hili laacha kuwa la burudani.

Wazee hawana haja ya kufundishwa kigango ni nini. Kwa ajili ya vijana tuseme kwamba ni nguzo ya mti iliyochongwa kwa mfano wa mtu, husimamishwa kwa ajili ya marehemu aliyekuwa mtu wa Gohu. Haikusudiwi kuondolewa pale iliposimamishwa. Hata ikioza, huachwa ioze. Hata hivyo, kwa miaka mingi vigango vimeibwa usiku na kuuzwa, vikaishia katika nyumba za matajiri na majumba ya makumbusho ya ng'ambo, hasa Marekani.

Mwaka wa 1985 mtaalamu wa Kimarekani aitwaye Monica Udvardy, aliyekuwa akijifunza desturi za Wagiriama, alimpiga picha mzee mmoja akiwa karibu na vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake. Muda si mrefu baada ya hapo vigango vile viliibwa. Mzee alitafuta asipate, akafariki kabla hajaviona tena. Miaka ikapita. Mwaka wa 1999, katika mkutano wa wataalamu wa mambo ya Afrika, mwenziwe aitwaye Linda Giles alionyesha picha za vigango vilivyokuwa katika hazina ya chuo kikuu kimoja cha jimbo la Illinois. Udvardy akakitambua kimojawapo, maana alikuwa na picha yake. Cha pili kikaonekana katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, jimbo la Virginia. Majadiliano yakachukua miaka, lakini mwishowe vyote viwili vikarudishwa, na mwaka wa 2007 ikafanywa sherehe ya kupokea.

Na tuangalie ni nini kilichoshinda katika shauri hilo. Si wingi wa maneno, wala si nguvu ya serikali peke yake. Vigango vilivyoibwa ni vingi, na familia nyingi zimelia bila kusikilizwa, kwa sababu mwenye makumbusho aweza kuuliza, mwajuaje kwamba hiki ndicho chenu? Familia hii ilikuwa na jibu. Ilikuwako picha iliyojulikana imepigwa na nani, mahali gani, mwaka gani, na mzee aliyesimama pale ni nani. Laiti picha ile ingalikuwa kama zile kadi za posta za zamani, isiyo na jina wala mahali, isingalifaa kitu. Mwaka wa 2014 Makumbusho ya Denver ya Elimu ya Viumbe na Sayansi yalikubali kurudisha vigango 30, navyo vikafika Kenya mwaka wa 2019. Kurudi Kenya ni jambo moja, na kurudi kwa mwenyewe ni jingine. Kigango kisicho na picha wala habari za kikao chake chaweza kufika nchini mwake kisipate nyumba yake.

Mambo ya Kujihadhari

Hatusemi kwamba kila kitu kipigwe picha. Macho hayana pazia, lakini mtu ana adabu. Kaya zetu zina miiko yake, na baadhi yazo, zilizoandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2008, hazipoteza miiko hiyo kwa kuandikwa. Mahali ambapo mzee wa kaya amesema kamera isiingie, isiingie. Mtu pia ana haki juu ya sura yake. Aliyefiwa, mgonjwa, mama anyonyeshaye, wasipigwe picha kwa kuibiwa, hata kama picha hiyo ingeshinda kikombe.

Iko hatari nyingine. Picha ya kigango iwezayo kumsaidia mwenyewe yaweza pia kumwongoza mwizi, ikiwa itaonyeshwa ovyo pamoja na jina la boma na njia ya kufika. Kwa hiyo yafaa pawe na madaftari mawili. La kwanza ni la maonyesho, lililo wazi kwa watu wote. La pili ni la wazee, lenye picha za vitu vya heshima pamoja na habari zake zote, likifungiwa na kufunguliwa kwa idhini yao tu.

Kuna na jambo la ufundi. Filamu za rangi za zamani zilipimwa kwa ngozi nyeupe. Kadi ambazo maduka ya kusafishia picha yalizitumia kusawazishia rangi zilikuwa na sura ya mwanamke wa Kizungu. Ndiyo sababu katika picha nyingi za zamani nyuso zetu zilitoka kama kivuli chenye meno. Kamera za siku hizi, na hata simu za mkononi, zimerekebishwa sana, lakini jua letu la saa sita halijarekebishwa. Anayepigwa picha mchana kweupe, nyuma yake ukuta uliopakwa chokaa, uso wake utapotea. Apigwe asubuhi, au jua likielekea kuchwa, au chini ya mwembe akielekea mwangaza. Mambo kama haya mtu huyajua upesi akiwa na mwamuzi wa kumwambia, na huchelewa kuyajua akiwa na marafiki wa kumsifu tu.

Haja ya Kakuyuni

Siku hizi kijana wa Kakuyuni aweza kupiga picha nyingi kwa siku moja kuliko filamu nzima ya ile Kodak ya mwaka wa 1888. Shida yetu basi si uhaba wa kamera. Shida ni kwamba picha hizo hazina daftari. Simu ikianguka katika maji ya Sabaki, au ikiibwa sokoni Malindi, arusi na matanga na sura ya nyanya zimekwenda nayo. Zilizobaki hazijulikani ni za nani baada ya miaka kumi.

Kilabu cha picha hakihitaji jengo wala fedha nyingi. Chahitaji vijana, mwamuzi mwaminifu, chumba cha kukutania mara moja kwa mwezi, na sharti moja lisilovunjwa, kwamba picha isiyo na maelezo haipokewi. Nyuma ya kila picha paandikwe jina la aliyepigwa na la mzazi wake, mahali, tarehe, na jina la aliyepiga. Mambo ya kushindania yapo tele: mgema akishuka mnazi na kibuyu chake, mama aliyevaa hando, mafundi wa kuezeka makuti, wavunaji wa korosho, ukingo wa msitu wa Arabuko-Sokoke wakati wa mvua. Kijana atakayeshindania picha ya uso wa mzee itampasa kwanza akae na mzee huyo, amuulize jina lake, ukoo wake, na aliyoyaona. Hivyo mashindano ya vijana yatakuwa darasa la wazee, na kikombe kitakuwa kisingizio tu.

Kwa wazee ombi letu ni hili: wakubali kuulizwa, na wakubali kuketi mbele ya kamera za wajukuu wao. Kwa vijana ni hili: wasione haya kupimwa. Na kwa wanachama wote, katika kila nyumba mna picha moja au mbili za zamani ndani ya sanduku au nyuma ya kabati. Zitolewe wiki hii, zioneshwe kwa aliye mkubwa kuliko wote nyumbani, na majina yaandikwe nyuma yake kwa kalamu ya risasi, isiyopenya karatasi. Yuko mtu ambaye leo aweza kuyataja majina hayo yote. Mwakani, taarifa kama hii itakapotoka, huenda hayupo.